Vyungu vya kupikia vya Kongowea: kipi cha jikoni, kipi cha maua

Kwa maharagwe ya nazi na mchuzi wa samaki wa ukwaju, chungu cha udongo kinaishinda sufuria ya alumini. Udongo hupata moto polepole, kwa hiyo tui halikatiki upesi. Na ukwaju hauli chungu kama unavyokula alumini. Lakini si kila chungu cha soko la Kongowea, Mombasa, ni cha kupikia.

Kishike kwa ukingo, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti nyembamba, kimeiva. Kikitoa mlio butu kina ufa, au moto haukukitosha. Kisha pitisha kidole kwa ndani, shingoni na kitakoni. Ukihisi mfereji, kiache, maana viungo, yaani pale udongo ulipounganishwa, havikushikana na hapo ndipo kitapasukia. Kilichopakwa rangi ya mafuta au vanishi ni cha maua, hata muuzaji aape vipi.

Kwenye kuunganisha udongo, akina mama wa Cherokee, kabila la wenyeji asilia huko North Carolina, Marekani, wana la kutufunza. Marehemu Amanda Swimmer, aliyefariki 2018, alikuwa miongoni mwa wafinyanzi wao wakubwa. Hawatumii gurudumu, hupandisha kamba za udongo moja juu ya nyingine. Katika mtindo wao wa kale, uliofufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukuta hupigwa kwa kibao cha mti kilichochongwa nakshi. Nakshi zapendeza kweli, ila yale mapigo ndiyo yanayoshikamanisha viungo. Huchoma kwa kuni, na moshi hukiacha chungu na mabaka meusi. Baka kama hilo kwenye chungu cha hapa lisikutishe.

Chungu kipya kiloweke usiku kucha, kikauke kivulini, kisha chemshia uji mwembamba wa mchele kwa makaa machache kama saa moja. Wanga huziba vinyweleo. Ukiiruka hatua hii, mchuzi utatoka jasho nje. Kwenye gesi, kiweke juu ya kikaango cha chuma, moto mdogo. Kikiwa cha moto usikitie maji baridi: ndani hunywea, nje bado kumepanuka, kinapasuka. Sabuni huingia udongoni na kunukia kwenye chakula. Sugua kwa makumbi na maji moto. Kianike bila kifuniko, unyevu wa Mombasa huota ukungu haraka.

Mtungi wa maji, kinyume chake, usiupikie uji kabisa. Jasho lake ndilo linalopoza maji, na uwekwe penye upepo.