Mpelelezi Mwenye Taulo Mkononi: Uhakiki wa White Wolf of Icicle Creek

White Wolf of Icicle Creek ni mchezo wa 16 katika mfululizo wa michezo ya kompyuta ya Nancy Drew, uliotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kimarekani ya Her Interactive. Nancy ni msichana mpelelezi ambaye wasomaji wa Kiingereza wanamfahamu vitabuni tangu mwaka 1930, na katika mchezo huu anapelekwa kwenye nyumba ya wageni iliyojengwa katika Milima ya Rocky nchini Kanada, wakati theluji imefunika kila kitu. Ajali za ajabu zimekuwa zikiandamana mahali hapo hadi wageni wengi wamekimbia, na inasemekana kwamba ajali inapotokea, mbwa mwitu mweupe huonekana au husikika akibweka karibu. Mwenye nyumba, Chantal Moique, yuko mbali na anazungumza na Nancy kwa simu tu. Amemwajiri kwa siri achunguze chanzo cha mikasa hiyo, huku mbele ya watu akiwa mtumishi wa kawaida. Hata kabla hajaweka mizigo chini, bweni lililo karibu linalipuka mbele ya macho yake.

Wapenzi wa hadithi za upelelezi wanajua kwa nini theluji ni rafiki wa mtunzi. Inafunga njia, inawapunguza washukiwa hadi wahesabike kwa vidole, na inamnyima kila mmoja kisingizio cha kuondoka. Hapa wamebaki wachache: Ollie Randall, fundi wa shughuli zote za pale, anayemchukia mbwa mwitu huyo waziwazi, binti yake mdogo Freddie, anayejiita binti mfalme wa theluji, Bill Kessler, mvuvi mpole anayependa kuongea, Guadalupe Comillo, aliyekuja na darubini yake kutazama ndege, Lou Talbot, mwanafunzi wa chuo, na Yanni Volkstaia, mwanamichezo wa kuteleza juu ya theluji, ambaye majivuno yake yanatangulia mlangoni kabla yake mwenyewe. Mchezaji anatazama kila kitu kwa macho ya Nancy, anabofya kwa kipanya ili kusogea au kuokota vitu, na katika mazungumzo anachagua swali moja kati ya machache yaliyoandikwa kwenye skrini. Maneno yote ni ya Kiingereza, lakini yanaandikwa pia chini ya picha, jambo litakalomsaidia yule ambaye sikio lake linachelewa kushika lafudhi.

Kinachoufanya mchezo huu uwe bora kuliko mingi ya aina yake ni ile kazi ya utumishi yenyewe. Katika hadithi nyingi, mpelelezi huwa mgeni wa heshima au mtu wa serikali, na tunalazimika kukubali kwamba watu wazima wenye akili zao watamfungulia vyumba vyao na kumweleza siri zao bila sababu. Nancy hapa hahitaji ruhusa ya mtu, kwa sababu ana taulo mkononi. Kila asubuhi anaingia chumba kimoja baada ya kingine kutandika vitanda na kubadilisha taulo, na hakuna mgeni anayeona ajabu kumkuta humo. Unasimama mbele ya kitanda kilichovurugika, unabofya shuka, linanyooka. Unabeba taulo zilizotumika. Kisha macho yako yanahamia mezani, ambako mwenye chumba ameacha vitu vyake akiamini kwamba mtu wa usafi haoni. Hapo ndipo nilipotulia kwa mara ya kwanza na kuanza kuandika katika daftari langu, kwa kuwa niligundua kwamba watunzi wameifanya dharau ya wageni kwa mtumishi kuwa ufunguo wa vyumba vyao. Wageni hao hao wanaompita Nancy ukumbini kama kiti wanamwachia milango yao wazi.

Si vitanda tu. Jiko nalo liko mikononi mwake, na chakula lazima kiwe tayari kwa wakati, kila mgeni akiwa na agizo lake. Saa ya mchezo inakwenda, mchana unakuwa usiku, na mpelelezi anayesahau kwamba yeye pia ni mwajiriwa anapata kipigo. Niliwahi kuzama katika kuchunguza kitu nje hadi muda wa chakula ukapita, nikafukuzwa kazi, na upelelezi wote ukaishia hapo. Kosa lilikuwa langu, nami nililistahili. Bahati nzuri michezo ya mfululizo huu humpa mchezaji nafasi ya kurudi nyuma kidogo kabla ya kosa, lakini nashauri uhifadhi hatua zako mara kwa mara bila kuitegemea fadhila hiyo.

Hata hivyo siwezi kuficha kwamba ratiba hiyo inachosha. Siku ya kwanza kutandika vitanda ni werevu, siku ya tatu ni kazi, na baada ya hapo inakuwa kazi isiyo na mshahara. Vyumba ambavyo umeshavimaliza havina kipya cha kukuonyesha, lakini shuka zinakungoja vilevile. Watunzi wangeweza kupunguza mzunguko huo katika nusu ya pili, pale ambapo mchezaji tayari ana maswali mazito na anataka kuyafuata moja kwa moja.

Mafumbo yanatofautiana sana kwa ubora. Vita vya kurushiana mabonge ya theluji na Freddie vinachekesha, ingawa vinataka wepesi wa mkono ambao wapenzi wa mafumbo ya kufikiri huenda hawana. Kuvua samaki kupitia tundu la barafu ni jambo la dakika chache, nalo lina utulivu wake. Mtihani wenyewe uko kwa Bill, anayekukaribisha kucheza naye mchezo wa kale wa mbweha na mabata bukini. Ubao wake una umbo la msalaba. Mbweha ni mmoja na mabata ni wengi. Mbweha anakula kwa kuruka juu ya bata, na mabata hayana silaha nyingine isipokuwa kumzingira mpaka akose pa kusogea. Siri yake ni kwamba bata anayekimbilia mbele peke yake ni chakula, kwa hiyo yasogeze kwa safu, kila mmoja akiwa na mwenzake mgongoni. Nilishindwa mara nyingi kabla ya kulielewa hilo, na sioni aibu kusema kwamba jioni nzima niliusahau mlipuko, mbwa mwitu na washukiwa wote kwa sababu ya mvuvi huyo na ubao wake. Mchezaji asiye na subira anaweza kuchagua ngazi ya chini ya ugumu, kwani mchezo unatoa ngazi mbili.

Kuhusu mbwa mwitu mwenyewe, msomaji wa Kiswahili atahitaji kusahihisha picha iliyo kichwani, kwa kuwa jina hilo tunalitumia pia kwa mnyama mwenye mabaka anayewinda kwa makundi katika nyika za Afrika. Huyu ni mkubwa, mweupe, na yuko peke yake. Jinsi alivyotumiwa katika hadithi ndiyo sehemu iliyonigusa zaidi, kwa sababu kila mtu pale ameshamhukumu kabla hajaulizwa, na ni Nancy pekee anayejipa taabu ya kumtazama. Sitasema zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba sababu halisi ya mikasa, inapofichuliwa, ina uzito mkubwa kuliko nyumba ndogo ya wageni iliyoibeba, na baadhi ya vidokezo vyake vilipaswa kuonekana mapema zaidi ili mchezaji makini apate haki ya kukisia.

Picha zinaonyesha umri wake, nyuso hasa, lakini sauti hazijazeeka: upepo nje ya madirisha, hatua kwenye theluji, na ule mlio wa mbali usiku. Mwaka 2008 lilitoka pia toleo la Wii, mashine ya kuchezea michezo kwenye televisheni. Kwa mtu mwenye uhuru wa kuchagua, kipanya cha kompyuta kinafaa zaidi kwa mchezo wa kupekua meza za watu. Ucheze usiku, taa zikiwa chache, daftari likiwa karibu. Na ukifika mezani kwa Bill, hakikisha kwanza kwamba wageni wameshakula.