Kukimbia Bonde la Loire: nenda kwa treni, rudi kwa miguu

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu niliyokata ni ya upepo, pamoja na programu moja ya ramani nitakayoisema huko mbele. Kwa mkimbiaji wa kawaida, asiyefukuza medali wala rekodi, sijapata Ulaya sehemu iliyonipa raha kama Bonde la Loire, na nimekimbia sehemu kadhaa tangu nihamie huku.

Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, kilomita 1,000 na ushee. Kipande kinachosifiwa ni cha katikati, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes, ambacho UNESCO ilikitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kando yake kuna njia ya baiskeli iitwayo La Loire à Vélo, ndefu kama kilomita 900, yenye vibao kila njia panda. Waliitengeneza kwa ajili ya magurudumu, lakini mtu wa miguu hafukuzwi. Ukitaka vumbi badala ya lami kuna GR3, njia ya waenda kwa miguu yenye alama nyeupe na nyekundu kwenye miti na nguzo. Hiyo ndiyo mama wa njia zote za namna hiyo Ufaransa: kipande chake cha kwanza, kati ya Orléans na Beaugency, kilifunguliwa mwaka 1947.

Watu wengi huja kwa ajili ya makasri. Mimi kilichoniteka ni reli. Treni za mkoa, zinazoitwa Rémi, zinafuata mto kati ya Orléans, Blois, Amboise na Tours. Begi unaliacha chumbani, unapanda treni asubuhi, unashuka mji wa pili au wa tatu, kisha unarudi mbio. Hupigi hesabu za kugeuza nusu ya njia, huoni kitu kile kile mara mbili, na goti likilalamika unakatiza kwenda stesheni iliyo karibu na kumaliza safari umekaa. Angalia ratiba usiku kabla ya kulala, hasa ya Jumapili, maana treni hupungua.

Jambo la pili la kupanga ni upepo. Mto unateremka kuelekea magharibi na upepo mara nyingi unatoka huko huko, kwa hiyo anayefuata maji anapigana na hewa. Juu ya matuta hakuna pa kujificha. Matuta haya ni kingo za udongo zilizoinuliwa mita kadhaa juu ya mashamba ili kuzuia mafuriko, na kazi ya kuyajenga ilianza zama za Wafalme wa Plantagenet, karne ya 12. Unakimbia juu yake, kushoto mto, kulia paa za nyumba ziko chini ya nyayo zako, na hapo ndipo unaelewa watu hawa wanaishi na nini. Kwenye kuta za vijiji wamechonga mistari kuonyesha maji yalifika wapi: 1846, 1856, 1866. Kuna mstari wa 1856 nilisimama chini yake nikanyoosha mkono, sikuufikia, na mimi si mfupi. Kiangazi mto wenyewe unaonekana mpole, mafungu ya mchanga yametapakaa na buabua wanataga mayai juu yake. Usidanganyike ukashuka kuoga. Mchanga unadidimia na mikondo ni mibaya, na vibao vya kukataza havikuwekwa kwa mapambo.

Kipande cha kuanzia, ukiwa na pumzi ya kilomita 20 hivi: Onzain hadi Amboise. Unashuka stesheni ya Onzain, unavuka daraja, na ng'ambo kasri la Chaumont-sur-Loire limekaa juu ya jabali na minara yake mizito. Baada ya hapo njia inauacha mto na kupanda kwenye mizabibu, kwa hiyo paja litafanya kazi. Unaingia Amboise chini ya ukuta wa kasri la kifalme. Juu ya ukuta huo kuna kanisa dogo la Saint-Hubert, ambamo inaaminika yamelazwa mabaki ya Leonardo da Vinci. Mzee huyo alikuja hapa mwaka 1516 kwa mwaliko wa Mfalme François I, akafia nyumba ya Clos Lucé mwaka 1519, karibu tu na hapo. Mfalme aliyemtangulia kwa miaka, Charles VIII, alikufa kwenye kasri hilo hilo mwaka 1498 baada ya kujigonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Nilicheka niliposikia, hadi nilipoona milango ya nyumba niliyofikia.

Lakini ukiniuliza kipande kimoja tu cha bonde zima, nitakutoa kwenye Loire nikupeleke kwenye Cher, mto unaoingia humo. Shuka stesheni ya Bléré-La Croix, vuka daraja kuingia Bléré, kisha shika ukingo wa kusini kuelekea mashariki. Hii ni njia ya zamani ya kukokotea mashua: tambarare, udongo umeshikana vizuri, miti inatoa kivuli muda mwingi. Njiani kuna vizuizi vya maji vya kizamani, vijiti vya mbao vimesimamishwa bega kwa bega kuzuia maji. Halafu baada ya kona, Chenonceau. Kasri zima limevuka mto kwa matao, na wewe uko ukingoni, bure, wakati ng'ambo watu wamepanga foleni na tiketi mkononi. Nilifika asubuhi mapema kabla mageti hayajafunguliwa na nikasahau kubonyeza saa.

Kuna hadithi ya mahali hapo ninayoipenda kuliko ya Diane de Poitiers, kipenzi cha Mfalme Henri II, na malkia wake Catherine de' Medici kugombea jengo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mto Cher ndio uliokuwa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na eneo lililoitwa huru. Lango kuu la kasri lilikuwa upande wa Wajerumani, mlango wa mwisho wa ukumbi mrefu unaovuka mto ulifungukia upande wa pili. Watu walipenyezwa humo ndani, wakatokea kusini. Mkimbiaji anayepita ukingo huu anapita mbele ya mlango huo. Ukishasimama mbele yake, picha za maua ya bustani hazikuvutii tena kiasi kile.

Saumur, mji ulio magharibi zaidi kwenye Loire, ni ya siku unayotaka maajabu. Fuata ukingo wa kusini kwenda Montsoreau na Candes-Saint-Martin. Miamba ya huku ni ya tuffeau, jiwe jeupe laini lililojengea makasri mengi ya bonde, na kila walipochimba jiwe waliacha pango, na kila pango mtu akaingia kuishi au kuhifadhi mvinyo. Pale Souzay-Champigny njia yenyewe inapita ndani ya mwamba, mtaa wa chini ya ardhi wenye madirisha. Kule nje jua la Julai, humo ndani baridi ya kisima. Candes ndipo mto Vienne unapokutana na Loire, na ndipo alipofia Mtakatifu Martin, askofu wa Tours, mwaka 397. Panda juu ya kijiji uone maji mawili yakiungana. Utaona pia mvuke wa kinu cha nyuklia cha Chinon, ambao wapiga picha za matangazo huukwepa kwa ustadi mkubwa. Kati ya Beaugency na Blois vilevile kuna minara ya kupozea ya Saint-Laurent. Mimi havikuniudhi, ila ujue vipo.

Chambord nimeiweka chini, na najua wapo watakaonuna. Kasri ni kubwa mno, lilianza kujengwa 1519, na hifadhi yake ina hekta 5,440 ndani ya ukuta wa kilomita 32. Ukisikia hivyo unadhani utakimbia mpaka uchoke. Sehemu kubwa ya msitu imefungwa kwa umma, njia zilizo wazi ni nzuri lakini zina watu wengi wa matembezi karibu na jengo, na hakuna treni inayofika. Nenda kutazama, raba ziache begini.

Tours mjini inafaa kwa siku ya kupumzika. Shuka kwenye gati chini ya Pont Wilson, daraja la mawe la karne ya 18 ambalo sehemu yake iliporomoka mwaka 1978 na kujengwa upya, kimbia hadi daraja la waenda kwa miguu la Saint-Symphorien, vuka, rudi upande wa pili. Mji uko mita 50 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliokulia Arusha hapo pumzi tunapewa bure, lakini usitegemee ikutoe kimasomaso mbele ya wenyeji: ukiwa mweusi na umevaa kaptula ya mbio, kila anayekupita anakudhania bingwa kutoka Kenya. Babu mmoja kwenye baiskeli alinisindikiza akinihimiza kwa sauti niongeze kasi. Ndiyo ilikuwa kasi yenyewe, mzee.

Maji: makaburini. Usishangae, karibu kila makaburi ya kijiji cha Ufaransa yana bomba kwa ajili ya kumwagilia maua, na wakimbiaji na wapanda baiskeli huchota hapo. Soma kibao kwanza. Kikisema "non potable" usinywe. Bekari za vijijini nyingi hufunga Jumatatu na mchana, kwa hiyo beba chakula chako. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji, na Sologne, kusini mwa mto, ni nchi ya wawindaji. Ukikuta kibao cha "chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, geuza bila ubishi, na siku zote vaa rangi kali. Ukitoka kwenye nyasi ndefu kagua miguu, kupe wapo.

Sasa ile programu ya ramani. Inakupa kwenye skrini njia nzuri zilizochorwa na watumiaji wengine, na haijali kama ni za umma. Ilinitia katikati ya mizabibu ya mtu karibu na Vouvray, na mwenye mizabibu alikuwepo, na hakufurahi. Fuateni vibao vya La Loire à Vélo na alama za GR. Ni bure, hazihitaji chaji, na hakuna atakayekuuliza unatafuta nini shambani kwake.

Mwezi mzuri ni Mei au mwisho wa Septemba. Julai na Agosti anza mbio kabla ya saa moja asubuhi, la sivyo matuta yatakuchoma.