ThinkPad T480: mtumba ambao wenyewe hawataki kuuachia

Mteja wa ThinkPad hutambulika mapema kwenye maduka ya laptopi za mtumba, iwe Kariakoo au katikati ya Nairobi. Haulizi rangi wala wembamba. Anaigeuza mashine kifudifudi, anachomoa betri, anahesabu skrubu, kisha ndipo anauliza bei. Watu humwona mshamba wa mashine nyeusi za kiofisi, na kweli sura haivutii: boksi jeusi la pembe kali, vilevile tangu IBM ilipoitoa ya kwanza mwaka 1992, na Lenovo ilipoinunua biashara hiyo mwaka 2005 haikuthubutu kuigusa sana. Lakini hapo kwenye skrubu ndipo penye sababu ya watu kung'ang'ania.

T480 ilitoka mwaka 2018, na hadi leo ndiyo wanayoitaja wengi ukiwauliza ununue ipi. Mfuniko wa chini unashikwa na skrubu sita, nazo hazidondoki hata zikilegea, kwa hiyo hakuna ya kupotelea kwenye zulia. Kabla ya kufungua, ingia bayosi, yaani mipangilio ya msingi ya mashine (washa, bonyeza Enter mfululizo, kisha F1), nenda Config, halafu Power, uzime betri ya ndani kwa Disable Built-in Battery. Wengi huiruka hatua hii, kisha bisibisi inagusa pasipotakiwa wakati umeme ungali ndani. Ukishazima, legeza skrubu, pitisha kadi ya plastiki ukingoni, mfuniko unaachia. Betri ya ndani itajiwasha yenyewe ukichomeka chaja tena.

Ndani kuna nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kazi) ya aina ya DDR4. Lenovo huandika kikomo cha GB 32, ila vipande viwili vya GB 32 kila kimoja hufanya kazi bila shida. Diski ni ya inchi 2.5 ya kawaida. Ukitaka NVMe, diski ndogo ya kasi zaidi, tafuta kishikizo na waya wake maalumu, na ujue kasi yake haitafika kileleni kwa kuwa njia za data zilizopo pale ni mbili, si nne. Kwa kazi za ofisi hutaona tofauti. Feni nayo inafikika: mashine ikiwa na miaka, safisha vumbi, paka greisi mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, na zile kelele za kupaa kama ndege hupungua.

Betri ni hadithi nyingine kabisa. Zipo mbili: ya ndani ya Wh 24 (Wh hupima umeme unaobebwa na betri), na ya nje inayochomoka kwa vidole viwili, ambayo huja ya Wh 24, 48 au 72. Mashine huimaliza ya nje kwanza, kwa hiyo ikiisha unaichomoa na kupachika nyingine iliyojaa huku kazi ikiendelea. Mahali ambapo umeme una tabia zake, hilo pekee linamfunga mtu. Kubwa ya Wh 72 hutokeza kwa chini na kuinua nyuma ya mashine, na uzito unakaribia kilo 2. Wapo wanaoipendea hasa huo mwinuko. Chaja ni ya USB-C ya W 45 au 65, na yoyote nzuri inayotoa volti 20 itafaa, hata ya laptopi ya kampuni nyingine.

Halafu kuna kile kinundu chekundu kati ya G, H na B. Aliyekizoea hanyanyui mikono kutoka kwenye kibodi: kidole cha shahada kinasukuma mshale, dole gumba linabofya vitufe vitatu vilivyo chini ya kitufe kirefu cha nafasi. Shikilia kitufe cha kati huku ukisukuma kinundu, ukurasa unapanda na kushuka. Mshale ukianza kutembea wenyewe, si kirusi. Ondoa kidole sekunde chache, utatulia. Mkono uliojifunza hivi kwa miaka huona mashine nyingine zote zimekatwa kiungo. Lenovo ilipoviondoa vile vitufe kwenye T440, wateja walilalamika mpaka vikarudishwa kwenye T450 mwaka 2015.

Kwa hiyo huu si upendo wa kipofu kwa nembo. T490 ilipokuja mwaka 2019 ikiwa na betri moja ya ndani tu, na sehemu ya RAM imelehemewa kwenye madabodi (ubao mkuu wa mashine), wengi wa hawa waaminifu walibaki na T480 zao. Nafasi mbili za RAM ziliporudi kwenye T14 Gen 5 mwaka 2024, walianza kugeuza shingo.

Sasa maradhi yake. Kubwa ni tundu za USB-C. Ziko mbili upande wa kushoto, zote hupokea chaji, na zote zimelehemewa kwenye madabodi. Ukivutavuta waya zinalegea, na tiba yake ni fundi wa kweli mwenye hadubini. Ile yenye alama ya radi ina ugonjwa wa zaidi: programu yake ya kiwandani ilikuwa ikiandika kumbukumbu bila kukoma hadi chipu inachoka, kisha tundu linakataa chaji au kioo cha nje. Lenovo ilitoa sasisho la kurekebisha. Liweke siku ya kwanza, kabla hujaona dalili yoyote. Chipu ikishakufa, sasisho halitaifufua.

Kioo pia kinahitaji jicho. Nyingi zilikuja na kile cha 1366 kwa 768, kilichopauka, ukikiinamisha kidogo rangi zinageuka. Tafuta 1920 kwa 1080 cha IPS, aina isiyogeuza rangi ukikiinamisha, na hata hicho si cha kujivunia juani. Kamera ni ya kusema tu ipo. Spika zinaongea na meza.

Dukani, ingia bayosi kwanza. Ikidai nywila, irudishe mashine hapo hapo, hata muuzaji akiapa kwamba fundi wake ataitoa. Kuchomoa betri ndogo ya madabodi hakuifuti nywila hiyo. Jibu rasmi la Lenovo ni kubadilisha madabodi nzima. Kwenye Security, angalia kama Computrace, mfumo wa kufuatilia mashine iliyoibiwa, imeandikwa Activated. Ikiwa hivyo, iache. Kisha soma jina la prosesa: unataka i5 inayoanza na 8, kama 8250U au 8350U, yenye viini vinne. T470 inafanana nayo kama pacha na hupitishwa kwa jina la kaka yake, ila prosesa zake za kizazi cha 6 na cha 7 hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliishiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtumiaji wa Linux hilo halina uzito, zote mbili huendesha Ubuntu vizuri.

Kibodi isikutishe. Mzigo ukiwa umetoka Ujerumani, Z na Y zimebadilishana. Ukiwa wa Ufaransa, A na Q. Kibodi nzima hubadilishwa bila kung'oa madabodi, na ya T470 huingia kwenye T480, kwa hiyo hata mfu wa T470 ana thamani.

Usisahau kusoma herufi ya mwisho. T480s ni nyembamba na nyepesi, lakini haina betri ya kuchomoa, na RAM yake nusu imelehemewa. Mashine nzuri, ila siyo hii.