Elizabeth na Mary: kitabu kilichotugawa nyumbani

Nimekimaliza juzi usiku, baada ya wiki tatu, kitabu cha historia kuhusu Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza na Mary, malkia wa Uskoti. Kiko kwa Kiingereza, ni kinene, na herufi zake ni ndogo kiasi kwamba shangazi yangu alikuwa akikisoma mchana tu, karibu na dirisha. Nakipa nyota nne kati ya tano. Tumekisoma watatu, mimi, shangazi na jirani yetu, na mpaka leo hatujakubaliana.

Jirani yuko na Mary moja kwa moja. Anasema mtoto aliyezaliwa tarehe 8 Desemba 1542, akafiwa na baba siku sita baadaye na kuwa malkia akingali mchanga, mtamlaumu kwa lipi? Akiwa na miaka mitano akapelekwa Ufaransa. Kabla hajatimiza miaka 18 ameshakuwa mjane wa mfalme. Akarudi Uskoti mwaka 1561, nchi ambayo wakubwa wake walikuwa wameshageukia Uprotestanti, naye ni Mkatoliki. Sura ya Machi 1566 ilimliza jirani yetu: Mary yuko mezani kwenye kasri lake la Holyrood, ana mimba kubwa, mume wake Darnley na wenzake wanaingia, wanamburuta katibu wake Rizzio na kumchoma visu. Mwandishi ameisimulia sehemu hii taratibu, bila kupaka chumvi, na ndiyo sababu inauma.

Shangazi, aliyefundisha historia sekondari mpaka akastaafu, yuko na Elizabeth. Hoja yake ni kwamba Elizabeth alijifunza woga mapema. Mama yake, Anne Boleyn, alikatwa kichwa Mei 1536, mtoto hajafika miaka mitatu. Mwaka 1554 dada yake wa baba mmoja alimfunga kwenye Mnara wa London. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba kuna malkia mwingine, mwenye damu ile ile, ambaye Wakatoliki wengi wanamwona ndiye mwenye haki ya kiti cha Uingereza, atalala usingizi gani?

Mimi kilichonishika ni jambo moja: hawakuonana hata siku moja. Mwaka 1562 walipanga kukutana, vita vya dini vikazuka Ufaransa, safari ikafutwa. Wakabaki kuandikiana barua na kuulizana habari kwa wajumbe. Mwaka 1564 Elizabeth alimbana mjumbe wa Mary, James Melville, amwambie nani mzuri zaidi, kisha nani mrefu zaidi. Melville akajibu kwamba Mary ndiye mrefu. Elizabeth akasema basi amezidi urefu. Ukurasa ule nimeusoma mara tatu. Unamwona mwanamke anayetaka sana kumjua mwenzake.

Sasa hapa nina neno na mwandishi. Kila mahali anawaita binamu, na msomaji wa Kiingereza anaridhika. Shangazi ndiye aliyegonga meza: "Mwanangu, hebu hesabu." Margaret Tudor alikuwa dada yake Henry wa Nane, baba wa Elizabeth, kwa hiyo ni shangazi yake Elizabeth. Mtoto wa Margaret, James wa Tano, ndiye binamu. Na Mary ni binti yake James. Kwetu sisi Mary angemwita Elizabeth shangazi! Kwenye barua wao waliitana dada, kwa kuwa wote walikuwa malkia. Lakini nilipoanza kumwona Mary kama mtoto wa ndugu, Mei 1568 ilibadilika machoni pangu. Ameshindwa vita Langside, anavuka maji ya Solway kuingia Uingereza kwa mashua ya wavuvi, anakimbilia kwa shangazi yake kuomba msaada. Anafungwa karibu miaka 19.

Miaka hiyo 19 ndiyo inayoninyima nyota ya tano. Mwandishi anaipitia mbiombio, kama anayekimbilia barua za njama ya kumuua Elizabeth, zilizofichwa kwenye pipa la bia na kukamatwa na watu wa Walsingham, mkuu wa majasusi wa Elizabeth, mwaka 1586. Nilitaka kukaa zaidi na mwanamke anayezeeka kifungoni, anatarizi vitambaa, anaandika barua baada ya barua, na mwanawe wa pekee, aliyemwacha hajatimiza hata mwaka, analelewa na maadui zake.

Mwisho ameuandika vizuri. Elizabeth anatia saini hati ya kumuua Mary tarehe 1 Februari 1587, Mary anauawa kwenye ngome ya Fotheringhay tarehe 8, kisha Elizabeth anamtupia lawama katibu wake Davison na kumtia gerezani. Hapo hata shangazi alinyamaza.

Ukikinunua, andika majina kwenye karatasi tangu mwanzo, maana akina Mary ni wengi: mama, malkia wa Uingereza aliyetangulia, na wasichana wanne waliofuatana na Mary Ufaransa. Nakala yangu iko kwa jirani, anairudia kuanzia Solway.