Nilivyomtafuta mpwa wangu katika kumbukumbu za polisi na mahakama za New York nikiwa Mbeya

Dada yangu alishuka kwenye Coaster ya Tukuyu Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha, akaja moja kwa moja ofisini kwangu bila kupita nyumbani, na neno lake la kwanza lilikuwa swali: "Kaka, mtoto yuko hai?" Mwanawe wa kwanza, ambaye huu ni mwaka wake wa sita huko Queens katika jiji la New York, alikuwa hapokei simu kwa siku nne, na kijana anayekaa naye nyumba moja alikuwa ametuma ujumbe mfupi uliosema tu kwamba polisi walimchukua, kisha naye akanyamaza. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Mbeya, na kwa dada yangu hilo linatosha kunifanya niweze kumtafuta mahabusu popote duniani.

Mtu akikamatwa hapa kwetu, ningejua pa kuanzia. Ndugu huenda kituo cha polisi, huuliza kaunta, huacha chakula, na kwa kuwa sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, kesho yake husubiri kwenye viwanja vya mahakama hadi karandinga lifike. Akikosa dhamana, tunajua njia ya kwenda Gereza la Ruanda. Yote hayo hufanywa kwa miguu na kwa kuuliza watu. Mtandaoni tuna TanzLII, ambamo hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure, nami huitumia karibu kila siku, lakini humo utakuta kile ambacho mahakama imeamua, hutakuta aliyelala kituoni jana.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho nadhani wengi hufanya: niliandika jina la mpwa wangu kwenye mtandao, pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumbukumbu za kukamatwa. Tovuti iliyojitokeza juu kabisa ilikuwa ya kampuni binafsi ambayo sitaitaja. Ilinionyesha mstari wa kijani uliojaa polepole kwa dakika sita nzima, ukieleza kwamba sasa unapekua magereza, sasa unapekua mahakama, sasa umepata kumbukumbu saba, na onyo kwamba huenda ningeona mambo ya kunishtua. Dada yangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu, alianza kulia mstari ulipofika nusu. Ulipojaa, tukatakiwa kulipa dola 28, yaani zaidi ya shilingi 70,000, nikalipa kwa kadi ya mtandaoni niliyoitengeneza kwenye simu.

Tulichopewa ni watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wetu. Mmoja alikuwa mzee wa miaka 61 huko Texas aliyelingana na mpwa wangu kwa jina la kwanza tu, mwingine alikuwa na faini ya mwendo kasi, na wawili waliobaki walikuwa anwani za zamani bila kesi yoyote. Chini kabisa, kwa maandishi ya kipimo cha mchele, kampuni ilieleza kwamba taarifa zake haziruhusiwi kutumika kuamua juu ya ajira wala upangaji wa nyumba. Baadaye nilielewa sababu: Marekani ina sheria ya mwaka 1970 inayosimamia taarifa za namna hiyo, ikimpa anayechunguzwa haki ya kupinga makosa, na tovuti nyingi za aina hii hujitangaza kuwa haziingii chini ya sheria hiyo. Mwezi uliofuata kadi ilikatwa tena bila mimi kuombwa ruhusa. Naipa nyota moja, kwa sababu mfumo hauruhusu kutoa sifuri.

Siku ya pili nilituliza akili nikauliza swali ambalo karani alipaswa kuanza nalo, yaani jalada la mtu huyu liko mikononi mwa nani kwa sasa? New York hakuna ofisi moja yenye kila kitu. Aliyekamatwa huwa kwanza mikononi mwa polisi wa jiji, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliamua mwaka 1991 kwamba kumchelewesha mtu zaidi ya saa 24 bila kumfikisha mbele ya hakimu, pasipo maelezo ya kuridhisha, hakukubaliki; saa zile zile zetu. Katika saa hizo usitegemee kumkuta mtandaoni. Hakimu akiagiza azuiliwe, anahamia Idara ya Magereza ya Jiji, ambayo mahabusu wake wengi wako kisiwa cha Rikers, kati ya Queens na Bronx. Akihukumiwa kifungo kirefu, anapelekwa kwenye magereza ya jimbo, ambayo ni idara nyingine kabisa yenye orodha yake. Shauri likiwa la serikali kuu au la uhamiaji, kuna milango mingine miwili, na mlango wa uhamiaji humtafuta mtu kwa namba yake ya uhamiaji au kwa jina, pamoja na nchi aliyozaliwa.

Nilianza na huduma ya Idara ya Magereza ya Jiji ya kutafuta watu walio kizuizini. Ni bure, haihitaji kujiandikisha, na mtu akiwemo unaonyeshwa jengo alilomo, kiwango cha dhamana na tarehe ya kurudi mahakamani. Sikumpata. Dada yangu aliuliza kama kutokuwepo kunamaanisha ameachiwa au amekufa, nami sikuwa na jibu, kwa hiyo nilikwenda kuchemsha chai.

Kilichotuokoa ni huduma inayoitwa WebCrims, ambayo ni ya mahakama za Jimbo la New York zenyewe, nayo pia ni ya bure. Inaonyesha kesi za jinai ambazo bado hazijaisha na zina tarehe mbele yake, na unaweza kutafuta kwa jina la mshtakiwa au kwa namba ya kesi. Kwanza inakutaka uthibitishe kwamba wewe si roboti kwa kuchagua picha, kazi ambayo dada yangu aliifanya vizuri kuliko mimi. Tuliandika jina letu la ukoo kama lilivyo kwenye cheti chake cha ubatizo, na jibu likawa kwamba hakuna kitu. Jina letu, kama majina mengi ya Wanyakyusa, linaanza na Mwa na lina "kya" katikati. Ilikuwa usiku wa pili, umeme umekatika na tunatumia simu, dada yangu alipokumbuka kwamba mwanawe aliwahi kumwambia, kwa utani, kuwa kwenye leseni yake ya udereva aliandika "kia", kwa sababu Wamarekani walikuwa wakisoma "kai". Tukabadilisha herufi moja, akatokea mtu mmoja tu. Mwaka wa kuzaliwa ulilingana. Mahakama ilikuwa ya Queens, tarehe ya kurudi ilikuwa wiki tatu mbele, na palionyeshwa kwamba aliachiwa kwa ahadi yake mwenyewe ya kurudi, bila dhamana ya fedha. Ndiyo maana orodha ya magereza haikumjua: hakuwahi kufika Rikers. Dada yangu aliiomba simu yangu, akaisogeza karibu na uso, akalisoma lile jina lililokosewa herufi mara tatu kwa sauti.

Shtaka lenyewe niliona limeandikwa pia, na sitalitaja hapa. Nilibaki nikifikiri jinsi mimi, niliyeko umbali wa bara na bahari, nilivyoweza kusoma tuhuma dhidi ya mtu ambaye hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na jinsi jirani yeyote mwenye simu angeweza kufanya hivyo hivyo. Uwazi huo ndio uliomtuliza mama yake, kwa hiyo siwezi kuulaumu kwa moyo mmoja. Hata hivyo nimefurahi kwamba sisi tumetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kabla ya kuweka orodha kama hizo mtandaoni.

Ukurasa ule ulikuwa na jina la wakili wa utetezi, ambaye kwa mpwa wangu alikuwa wa msaada wa kisheria. New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao, hivyo nilipiga saa nne usiku, ambayo kwao ni saa nane mchana. Mwanamke aliyepokea alinieleza kwa adabu kwamba hawezi kuzungumzia mteja, jambo ambalo mimi mwenyewe huwaambia watu kila wiki, lakini akakubali kufikisha ujumbe. Kesho yake jioni mpwa wangu alipiga kwa simu ya kuazima. Alikuwa ameachiwa tangu siku iliyofuata kukamatwa kwake; simu yake ilibaki kwa polisi kama kielelezo, namba za nyumbani hakuwa nazo kichwani, na zaidi ya yote aliona aibu. "Mjomba, nilitaka kwanza yaishe," alisema, kisha nikampa mama yake simu nikatoka nje.

Kuna huduma moja zaidi ya serikali ambayo nusura niilipie. Ofisi ya usimamizi wa mahakama za New York hutafuta historia ya jinai ya mtu katika jimbo zima kwa dola 95, karibu robo milioni ya shilingi kwetu, na hutafuta kwa kulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kama ulivyoviandika. Kwa mwajiri au mwenye nyumba nadhani bei hiyo ina sababu. Kwa familia ya Tukuyu iliyoshikilia "kya" badala ya "kia", tungelipa ili kuambiwa kwamba mtoto wetu hana kesi. Kabla ya kulipa popote, mwombeni ndugu yenu aliye ughaibuni picha ya kitambulisho anachotumia huko, leo, wakati hana tatizo lolote.

Nimejifunza pia, nikiwa nimechelewa, kwamba Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kutaka ubalozi wake uarifiwe, na kwamba Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo Marekani hupaswa kuarifu ubalozi wao hata kama aliyekamatwa hakuomba. Simu ya kwenda ubalozini Washington ingepaswa kuwa ya kwanza kwangu, kabla ya ule mstari wa kijani.

WebCrims naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya ukomo wake ambao mtumiaji lazima aujue: kesi isiyo na tarehe mbele haionekani, kwa hiyo ukurasa mtupu hauwezi kukuambia kama mtu hajawahi kushtakiwa au shauri lake limekwisha. Kesi ya mpwa wangu ilifutwa baada ya miezi minne, na sheria ya jimbo hilo inaagiza kwamba kesi iliyokwisha kwa manufaa ya mshtakiwa ifungwe kwa siri, polisi na mahakamani. Jumapili iliyopita dada yangu aliniomba nitafute tena, kwa "kia" na kwa "kya". Akachagua zile picha, tukasubiri, na ukurasa ukasema hakuna kitu kwa majina yote mawili. Aliniomba nimsomee mara ya pili. Ile kampuni ya dola 28 bado hunitumia barua pepe kila Ijumaa, ikiniarifu kwamba imepata jambo jipya kumhusu.