Kofia ya mkono au ya mashine: igeuze ndani kabla hujalipa

Kofia nyeupe zinazouzwa Darajani na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ni za aina mbili, na kwa mbali ni pacha. Moja mwanamke kaishona kwa sindano, kiua kwa kiua, yaani kitundu kwa kitundu, kazi ya wiki nyingi na pengine miezi. Ya pili imetoka kwenye mashine ya kudarizi pamoja na ndugu zake mia. Bei zake hazikaribiani kabisa: ya mashine ni maelfu machache, ya mkono iliyojaa kazi huvuka laki. Asiyejua kuzipambanua hulipa bei ya hii akaondoka na ile. Husemwa kizuri chajiuza, lakini kwenye kofia kibaya nacho hujiuza vizuri tu, maana huoneshwa upande wa nje.

Kwa hiyo igeuze. Ndani ya kofia ya mashine utaona uzi wa chini, mwembamba na mweupe, hata kama uzi wa juu ni wa kahawia. Mara nyingi utakuta pia mabaki ya kitambaa kigumu kama karatasi kilichowekwa ili bafta, yaani kitambaa cheupe cha pamba cha kofia, isijikunje. Ndani ya kofia ya mkono uzi ni ule ule wa nje. Utaona pale fundi alipoanzia uzi mpya na pale alipoukimbiza kutoka ua moja hadi la pili. Njia hiyo haiwi sawasawa, na wala si kasoro.

Halafu tazama viua vyenyewe. Fundi hodari hakati kitambaa. Husukuma nyuzi za bafta pembeni kwa ncha ya sindano nene, kisha huuzungushia mdomo wa tundu uzi uliobana. Kwa kuwa nyuzi za kitambaa hazikukatika, kiua hicho huvumilia kufuliwa miaka. Mashine hutoboa, na uzi wake ukilegea kidogo tu, tundu huanza kuchanika. Iinue kofia kwenye mwanga: viua vya mkono vinapitisha mwanga kwa saizi zinazokaribiana, na pembeni mwake hakuna nywele za kitambaa zilizosimama. Viua vilivyozibika nusu ni dalili ya fundi aliyeharakishwa, au ya wanga mwingi uliopakwa ili kofia legevu ionekane ngumu. Bonyeza ukanda kwa kidole gumba. Ugumu wa kazi hurudi mahali pake, ugumu wa wanga huvunjika na kuacha mstari.

Ufundi wenyewe, na hapa ndipo pesa inapokwenda, uko kwenye hesabu. Kofia ina vipande viwili: duara la juu na ukanda wa pembeni. Kichwa cha inchi 22 kinataka duara la inchi 7 hivi kwenda upande wa pili. Ukanda huo wa inchi 22 ukigawiwa maua manane, kila ua linapata inchi 2 na robo tatu. Fundi akipotea robo inchi kwa kila ua, akifika la mwisho atakuwa amekosa inchi 2, na ua hilo litabanwa au kukatwa nusu. Tafuta mshono wa nyuma unaounganisha ncha mbili za ukanda. Kofia nzuri haikuoneshi mahali ua la kwanza lilipoanzia. Kisha angalia kama ncha za nyota iliyoshonwa kwenye duara la juu zinashuka juu ya maua ya pembeni, au zimeanguka katikati ya nafasi tupu. Hili la pili hutokea sana pale duara na ukanda vimeshonwa na watu wawili, kila mmoja kwake, kisha muuzaji akaviunganisha.

Ndani ya hesabu hiyo ndimo fundi anamopata nafasi ya kusema lake. Mmoja atajaza ukanda nyota, mwengine ataweka korosho kama zile za kwenye kanga, wa tatu ataacha uwanja mtupu katikati ya viua ili jicho lipumzike. Huu wa tatu ndio mgumu, kwa sababu penye kitambaa kitupu kila kosa linaonekana. Wateja wengi siku hizi wanapeleka picha kwenye simu na kusema “nataka kama hii”. Fundi atakushonea, lakini umemgeuza mashine yenye mikono. Mpe saizi, rangi ya uzi na shughuli utakayoivalia, maua mwachie mwenyewe. Kofia bora zinazopita kwenye harusi na maulidi zimetoka kwa mafundi walioachiwa hivyo.

Kuhusu saizi, uliza kama bafta ililowekwa kabla ya kushonwa. Kama haikulowekwa, itapungua mara ya kwanza kufuliwa, basi chukua nusu inchi zaidi. Uzi wa rangi upime kwa kitambaa cheupe kilicholowana: ukisugua na kikashika rangi, iache dukani.

Ukishaipata, usiitie jiki. Iloweke nusu saa kwenye maji baridi na sabuni ya mche, sugua mstari wa jasho kwa brashi laini, suuza mpaka maji yawe safi. Wanga: kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa muhogo kikorogwe kwenye kikombe cha maji baridi, kisha kimiminwe kwenye lita moja ya maji yanayochemka huku unakoroga. Ukiwa vuguvugu, chovya kofia, ikamue kwa taulo bila kuisokota, ivishe kwenye kopo au bakuli la saizi yake, uianike kivulini. Juani upande mmoja hukauka mwanzo na kofia ikapinda. Wanga ukiziba viua, vizibue kwa kijiti cha meno kofia ingali mbichi.

Kofia ya mashine si takataka. Kwa mtoto anayekwenda chuoni, yaani madrasa, na kurudi ameikalia, inatosha kabisa. Tatizo ni kuiuza kwa jina la mwenzake.

Anayetaka ya mkono kwa sala ya Idi aagize Rajabu, na atoe nusu ya malipo mwanzo, kwani bafta na uzi hununuliwa siku hiyo hiyo. Ukikumbuka Ramadhani imeshaingia, vaa uliyonayo na oda yako iwe ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja.