Uzoefu wangu na kamba ya kupandia miti ya milimita 12 (na hanesi waliyoniuzia pamoja nayo)

Wadau niliahidi mrejesho wa hii kamba nikishaitumia vya kutosha, leo mvua imekatisha kazi ngoja niandike. Kwa kifupi kamba naipa 9 kati ya 10. Hanesi iliyokuja nayo (ile mikanda ya kiunoni unayofungia kamba) naipa 2, na hizo mbili ni za rangi.

Kwa asiyenijua, mimi napanda na kukata miti hapa Mwanza, Isamilo, Capri Point, Pasiansi, Nyegezi hadi Buhongwa huko, ile miembe mikubwa iliyolalia bati la mtu, mikuyu iliyoota katikati ya mawe, mijohoro ya kwenye fensi. Kuangusha mti shambani na kuushusha vipande vipande juu ya paa la jirani ni kazi mbili tofauti kabisa, hii ya pili unaning'inia kwenye kamba na mikono yote miwili iko kwenye chenso, kwa hiyo kamba ikigoma hakuna cha kushika.

Wengi wetu huku tunatumia kamba za mwaloni, zile za wavuvi. Ukienda pale Kirumba unapata manila ya saizi yoyote bei ya kueleweka, na sizisemi vibaya, kwa kazi yake ni kamba nzuri, inaelea, hainywi maji, mvuvi atake nini tena. Ila ile plastiki inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kitu hivi, wakati poliesta inavuka 250, sasa wewe mpanda miti unateremka na fundo la kubana, iwe prusiki iwe la Blake, fundo linasuguana na kamba, ukishuka kwa pupa sekunde chache tu zinatosha ganda la nje la kamba kuanza kung'aa na kuwa gumu, na ukiona limeng'aa ujue limeshaungua hapo. Halafu jua. Manila ikikaa juani miezi mingi ukiikunja inatoa unga. Wavuvi wakiona unga wanabadilisha, sisi wa miti ndo tunasema aah mbona bado inavuta gogo.

Hii niliyochukua ni ganda la poliesta limesukwa juu ya moyo wa nailoni, mita 45, lebo imeandikwa EN 1891 aina A, kiwango cha Ulaya cha kamba za namna hii. Hiyo namba ndo ya kutafuta ukinunua. Maana yake imepimwa isikatike chini ya kilonyutoni 22, tani mbili na ushee, na ikiwa imefungwa fundo mwisho wake ishike 15. Kuna jamaa akaniambia wewe una kilo sabini na ngapi sijui, tani mbili za nini? Sasa kaka, fundo peke yake linakula nguvu, yapo yanayokula theluthi nzima, kona ya tawi inakula, nailoni ikilowa nayo inapungua, na ukichomoka ukadondoka hata mita moja uzito unaokuja kwenye kamba sio kilo zako za kwenye mizani. Ndo maana wenye kazi yao wanagawa kwa kumi.

Mtini inafanyaje? Imetulia. Haivutiki ovyo, ukipanda huhisi unarushwarushwa, mkononi imejaa vizuri na fundo linabana bila kukwama. Inachonikera ni utomvu wa mwembe, ukiingia kwenye ganda fundo linaanza kung'ang'ania halitaki kuteleza, na hapo wale sisimizi wa maji moto wameshakuingia shingoni (wanaopanda miembe wananielewa), unataka kushuka haraka na haikuachii. Dawa yake ni kuiosha, maji yasiwe ya moto, sabuni laini, jiki usiiguse, ukamaliza unaianika kivulini. Wasiende kuifulia ufukweni vijana, mchanga ukiingia ndani ya ganda unasaga nyuzi kidogo kidogo kila unapopanda na wewe huoni kitu kwa nje.

Kukagua sasa, hapa ndo nimeipenda zaidi, kwa sababu kamba ya namna hii inasema. Kila kabla ya kazi naipitisha yote kwenye vidole, bila glavu, taratibu, natafuta palipolegea, palipovimba, palipokonda, palipo pagumu. Kila hatua moja naikunja kitanzi, palipo pazima panatoa duara, pakiwa pamevunjika ndani inajikunja ghafla kama mpira wa maji uliopigwa kona. Baada ya kazi moja ya mkuyu pale Isamilo, mti umebanwa na mawe pande zote na kamba ilikuwa inapita kwenye jiwe, vidole vikakamata sehemu karibu na mwisho, nyuzi za ganda zimefumuka manyoya upana wa kidole gumba. Moyo ulikuwa haujaonekana. Nikakata mita kama mbili zikaenda, nikachoma ncha, nikaandika kwenye daftari urefu mpya. Inauma ukikumbuka bei lakini ndo hivyo.

Daftari ndo hilo, kamba ilikuja na namba yake na mwezi na mwaka iliotengenezwa, nikaifungulia ukurasa. Watengenezaji kama Petzl vifaa vyao vya nguo na plastiki wanavipa mwisho miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama vimekaa stoo, na kuvikagua kwa kina angalau mara moja kila miezi 12. Uingereza kanuni yao ya 1998 kifaa cha kumbeba mtu kinakaguliwa na mjuzi kila miezi 6. Huku sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu 2003, ila kwenye kibarua cha mwembe wa nyuma ya nyumba mkaguzi ni wewe na mwenzako aliyeshika kamba chini. Mimi na mwenzangu tunabadilishana, yeye anakagua vyangu mimi vyake, maana cha kwako unakionea huruma.

Sasa hanesi. Jina la duka siliweki, ni la Dar, mzigo ulikuja kwa basi nikaupokea Nyegezi (na ukiagiza mwambie konda asikuwekee na betri za gari kwenye buti, asidi na nailoni havikai pamoja, na doa lake mara nyingine hulioni). Kufungua, lebo imekatwa. Sio imefutika, imekatwa na mkasi, kipande cha kushonea bado kipo. Nyuzi za mshono wa kwenye ringi ya kiunoni zimesimama manyoya, bakoli moja ya kukazia mkanda ina kutu, na karabina (ile ndoano ya chuma yenye geti ya kuunganishia kamba) waliyoniongezea ya bure geti lake ukilifungua linarudi nusu linasubiri ulisukume. Nikapiga simu.

"Boss hiyo mpya kabisa, ni ya Ulaya."

"Lebo iko wapi kaka?"

"Lebo inakwaruza kiuno, wateja wanalalamika, tunawakatia."

Aisee. Bila lebo sijui ina miaka mingapi, sijui ilibeba nani, wala ilipimwa kwa kiwango gani, hata ingekuwa inang'aa nisingepanda nayo. Wakasema niirudishe nauli juu yangu na watanipa nyingine "kama hiyo hiyo". Nikashukuru. Nimeikata vipande ili isije ikaonekana kwenye kiuno cha kijana wa watu, mmoja wa saiti kachukua mikanda anafungia mzigo kwenye boda, karabina anatundikia funguo.

Kwa hiyo kamba chukueni bila wasiwasi, ila muombe muuzaji picha ya lebo kabla hujarusha hela, sio picha ya kamba imekunjwa vizuri mezani. Hanesi nimeshapata muuzaji mwingine, nimemwambia kitu hicho hicho, tangu juzi kanitumia picha ya duka kwa nje, picha ya risiti na picha ya mzungu yuko mtini. Lebo bado.